Wali wa Ukumbini

Kabatini mlikuwa na maharage nusu kopo, unga wa ngano uliojificha kwenye mikunjo ya mfuko, chumvi, kitunguu kimoja kilichoanza kuchipua na kipande cha mkate kilichokauka hadi kinagonga mezani ko! Mama Chiriku alivipanga vyote mbele yake, akaviangalia kimoja kimoja. Kisha akakunja mikono ya gauni.

Mkate angeuloweka, akaukamua, akauchanganya na maharage ya kuponda, kisha akafinyanga vidonge vya kukaanga kwa mafuta ya kupaka tu kikaangoni. Maji ya maharage yangekuwa supu. Tangu kiwanda cha sabuni kifunge geti na mumewe arudi nyumbani na shati la kazi begani, hivi ndivyo nyumba hiyo ilivyokula: kilicholala jana kiliamshwa leo na kuvalishwa nguo nyingine. Ukoko wa wali aliusaga ukawa uji. Maganda ya viazi aliyasugua, akayaanika, akayakaanga na chumvi, na binti yake akayatafuna akidhani yamenunuliwa dukani.

"Leo tunamfufua marehemu gani?" aliuliza mama mkwe wake, aliyekuwa amekaa kwenye mkeka mlangoni pa jiko akichambua maharage. Macho ya bibi huyo yalikuwa yamefifia, lakini vidole vyake vilikuwa vinaona. Kila kijiwe kilikamatwa na kutupwa nje.

"Mkate, mama."

"Amefariki lini?"

"Juzi."

"Bado mbichi huyo."

Walicheka chini chini. Ukuta uliowatenganisha na Mama Mkaa, jirani yao muuza mkaa, ulikuwa mwembamba, na Baba Chiriku alishatoa amri kwamba wakati wa kula mlango ufungwe. Kila asubuhi alitoka amevaa shati lake la kiwanda, limepigwa pasi, akaenda kutafuta vibarua mitaa ya mbali ambako hakuna aliyemjua. Pasi hiyo aliipiga mkewe. Kwa hiyo uongo ule ulikuwa wa wote wawili, na waliubeba kama watu wawili wanavyobeba kabati, kila mmoja akimchungulia mwenzake asije akaachia.

Hata maneno yalichaguliwa. Kiporo kiliruhusiwa, maana kiporo ni chakula chako mwenyewe kilicholala. Makombo ni neno ambalo Baba Chiriku hakutaka kulisikia. "Makombo ni masalio ya sahani za watu," alisema siku moja binti yao alipolitamka kwa mzaha. "Humu ndani hakuna makombo."

*

Mchana huo alirudi mapema, na alirudi anatabasamu. Mkononi alikuwa na mfuko mkubwa wa nailoni, umefungwa fundo, unaning'inia kwa uzito.

"Fungua," akamwambia mkewe. "Fungua uone."

Ulikuwa wali. Wali mwingi, umechanganywa na karoti, na humo ndani vipande vya nyama vilivyochambuka kama nyuzi. Baba Chiriku alieleza kwamba alikuwa amepata kibarua cha kupanga na kubeba viti kwenye ukumbi wa sherehe, na mwangalizi wa ukumbi akamwongezea huo mfuko.

"Umepikwa lini?" aliuliza mkewe.

"Asubuhi hii hii."

Baba Chiriku hakuwa ameuliza. Mwangalizi alimwambia hivi: "Chukua hiki kabla sijawamwagia mbwa." Sherehe ilikuwa ya jana yake, na hilo alilijua; mfuko ulikuwa umekaa nyuma ya ukumbi, kisha ukasafiri naye juani njia nzima. Lakini mtu aliyekuwa akirudi mikono mitupu kwa muda mrefu vile alikuwa amepata cha kuweka mezani, na maneno "asubuhi hii hii" yalitoka mdomoni kabla hajayapima.

Mama Chiriku aliinamisha uso juu ya mfuko. Wali ulikuwa na joto, lakini lilikuwa joto la jasho, la kitu kilichofungiwa. Palikuwa na harufu. Haikuwa kali. Ilikuwa tamu kidogo, kama ya kitambaa kilicholoana kikasahaulika kwenye beseni. Alichukua punje chache akazisugua kwa kidole gumba, zikateleza.

Aliinua macho. Mumewe alikuwa amesimama mlangoni, mabega yamenyooka, anamtazama kama mtoto aliyeleta matokeo mazuri ya mtihani. Na Chiriku, ambaye alipewa jina hilo kwa sababu hajawahi kunyamaza tangu ajue kusema, alikuwa tayari anarukaruka.

"Nyama! Baba kaleta nyama! Mama, kuna nyama ngapi? Bibi, umeona? Ah, bibi haoni. Bibi, kuna nyama!"

"Vipi, mzuri?" aliuliza Baba.

Hapo ndipo angesema. Alilikumbuka sana baadaye jambo hilo, kwamba palikuwa na nafasi, pana kabisa, na yeye alisimama ndani yake akiwa na punje za wali kidoleni.

"Mzuri," akasema. "Ngoja niupashe."

Aliuosha mara mbili kwa maji, akauchuja. Akakatia kitunguu chote, hata yale majani yaliyochipua, akamimina mafuta aliyokuwa ameyatunza kwa ajili ya vidonge vya mkate, akaongeza chumvi. Alikoroga mpaka moshi ukajaa jikoni. Moto unaua kila kitu, alijiambia. Akaendelea kukoroga.

Walikula mlango umefungwa. Baba alisema ameshakula kulekule ukumbini. Hakuwa amekula, alitaka tu kukaa na kuwaangalia wakila kitu alichokileta yeye. Bibi alitafuna kidogo, akasita.

"Mwanangu, huu wali..."

"Ni wa leo, mama," Baba Chiriku aliwahi kusema.

Bibi alimeza. Mdomo wake ulikuwa mzee kama macho yake, na alishazoea kuuona si wa kuaminiwa. Akasema ameshiba, akamsogezea mjukuu wake sahani. Chiriku akala ya kwake, akala ya bibi, akalamba kijiko.

*

Jua lilikuwa bado juu mtoto alipoanza kutapika. Mwanzoni walidhani ni shibe. Kisha akatapika tena, na tena, na tumbo likaanza kuendesha, mpaka kikawa hakitoki kitu isipokuwa maji ya kijani. Midomo ikakauka. Lililomtisha mama yake kuliko yote ni kwamba alikuwa kimya. Alilala mkekani macho nusu wazi, hasemi neno.

Mama Mkaa ndiye aliyesikia kilio cha Mama Chiriku ukutani. Aliingia bila hodi, akamwona mtoto, akatoka mbio. Waliposikia kishindo uani alikuwa anasukumia chini magunia yake kutoka kwenye mkokoteni.

"Mleteni hapa! Mnasubiri nini? Baba Chiriku, shika mbele!"

Zahanati ilikuwa imejaa. Watu walikuwa wamekaa kwenye mabenchi hadi nje barazani, na walipouona mkokoteni wenye vumbi la mkaa na mtoto aliyelegea juu yake, walipisha. Chumba cha kutazamia wagonjwa kilikuwa na pazia badala ya mlango. Daktari, mwanamke kijana mwenye macho ya mtu asiyelala vya kutosha, alivuta ngozi ya tumbo la Chiriku kwa vidole viwili na kuitazama ikirudi polepole.

"Alikula nini?"

"Wali wa kawaida tu, daktari," alijibu Baba Chiriku haraka. "Umepikwa nyumbani, leo." Mama Mkaa alikuwa amesimama palepale, ameshikilia pazia.

"Na wengine mliokula mko salama?"

"Tuko salama."

Tumbo la Mama Chiriku lilikuwa linajinyonga tangu njiani, lakini alibana meno.

Daktari alikunja uso. "Wali uliopikwa leo, na mmekula wote, na anayeumwa ni mmoja. Basi huyu amekunywa kitu. Nyumbani mnaweka sumu ya panya? Mafuta ya taa? Dawa za mtu mzima?"

"Hapana."

"Baba, fikiri vizuri. Kama ni sumu, mimi hapa sina uwezo. Itabidi nimpeleke hospitali kubwa, na gari halipo, tutalisubiri. Nikikosea nitamtibu ugonjwa asiokuwa nao na huu alionao utammaliza. Niambie."

Baba Chiriku alifungua mdomo. Alimtazama Mama Mkaa, akatazama watu waliokuwa wakichungulia kwenye upenyo wa pazia, akatazama viatu vyake.

"Ni makombo," alisema Mama Chiriku.

Alilisema kwa sauti kubwa kuliko alivyokusudia. Kule benchini mtu aliacha kukohoa.

"Ni makombo ya ukumbini. Yalikuja kwenye mfuko wa nailoni, yanateleza. Niliyanusa, daktari. Nilijua yana harufu, nikayaosha, nikayakaanga kwa kitunguu. Na mimi tumbo linanikata sasa hivi. Mwanangu hajanywa sumu yoyote. Ni mimi nimempa."

Daktari hakupoteza muda kushangaa. Aliagiza dripu, akauliza mtoto ana uzito gani, akaanza kutafuta mshipa kwenye mkono ule mwembamba. Ni muuguzi, mama mtu mzima aliyekuwa akifungua kifurushi cha sindano, aliyegeuka.

"Ulinusa, ukajua, halafu ukampa mtoto?"

"Ndiyo."

"Mama gani wewe?"

Alisubiri. Hakujua anasubiri nini, mpaka alipogundua kwamba alikuwa anasubiri sauti ya mumewe. Baba Chiriku alikuwa amesimama hatua moja tu kutoka kwake. Maneno yalimpanda hadi kooni, "wali niliuleta mimi", maneno mepesi kabisa, na akayameza. Akashika ncha ya kitanda kama mtu anayezuia kitanda kisitembee.

Mshipa ulipatikana. Maji yakaanza kudondoka, tone kwa tone. Mama Chiriku alipewa naye unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji, akanywa akiwa ameinama kwenye benchi, na hakuna aliyekaa karibu naye isipokuwa Mama Mkaa.

Asubuhi iliyofuata mtoto alifumbua macho, akautazama mpira wa dripu kuanzia juu hadi ulipoingia mkononi mwake.

"Mama," akasema kwa sauti iliyokwaruza. "Haya maji yakishaingia, yanatokea wapi?"

Mama yake alitoka nje ya chumba akaenda kulilia nyuma ya zahanati, kwenye kamba za kuanikia mashuka.

*

Waliporudi nyumbani habari ilikuwa imefika kabla yao. Ilikuwa imefika na imenenepa njiani: wengine walisema mama yule anaokota chakula jalalani, wengine kwamba bibi naye yuko hoi. Bombani wanawake waliendelea kuongea Mama Chiriku alipofika na ndoo yake, lakini waliongea kuhusu mambo mengine, kwa bidii. Mmoja alisogeza ndoo yake kando. Alipogeuka kuondoka alisikia kicheko kilichobanwa na jina jipya, Mama Makombo.

Aliweza kulibeba jina hilo. Alichoshindwa kukibeba ni pua yake mwenyewe. Sasa kila kitu kilinuka. Maharage aliyoyachemsha asubuhi aliyafunua adhuhuri, akainama, akaona harufu ile tamu ya kitambaa kibichi inapanda. Akayamwaga. Unga aliufungua, akauona una uvundo, akautupa. Yule mwanamke aliyeweza kutengeneza mlo kutokana na kipande cha mkate, sasa alimwaga chakula kizima kwenye nyumba isiyokuwa nacho.

"Umemwaga nini?" aliuliza bibi kutoka mkekani, alipousikia mmiminiko uani.

"Maharage, mama. Yamechacha."

"Yamechacha saa ngapi? Nimeyachambua leo kwa mikono hii."

"Yananuka."

Bibi aligeuza uso kuelekea sauti yake. "Mwanangu," akasema, "na mimi niliuhisi ule wali mdomoni. Nikaona aibu kusema. Nikamsogezea mtoto sahani yangu. Mimi, bibi yake. Kwa hiyo ukitaka kumwaga mtu, nimwage mimi. Maharage hayana kosa."

Mama Chiriku aliegemea mlango. Hakuna aliyekuwa amemwambia kitu kama hicho, na hakujua akifanyie nini. Usiku huo walikunywa chai isiyo na sukari. Hata hiyo Chiriku aliiuliza, "Imepikwa leo?" na baada ya kujibiwa ndiyo, bado akaiacha.

Baba Chiriku aliyaona yote haya. Aliona mkewe akisogelea sufuria kama anayesogelea mbwa mkali. Aliona binti yake akinusa kikombe kabla ya kunywa. Alfajiri iliyofuata akavaa shati la kiwanda, akalifunga vifungo mpaka shingoni, kisha akasimama katikati ya chumba muda mrefu. Akalivua. Akavaa fulana ya nyumbani, akachukua ndoo, akaenda bombani.

Wanawake walipomwona walitazamana. Mwanamume na ndoo, saa ya kwenda kazini.

"Karibu foleni, Baba Chiriku," alisema mmoja, na wengine wakacheka. "Leo kiwanda kimefungwa?"

"Kimefungwa siku nyingi," akasema. Sauti ilimtetemeka, akaikazia. "Sina kazi. Na ule wali niliuleta mimi. Ulikuwa wa jana yake, nilijua ni wa jana yake, nikamwambia mke wangu umepikwa asubuhi. Alipoulizwa kule zahanati alijitwika peke yake, na mimi nilisimama palepale nikanyamaza. Kwa hiyo hilo jina mlilompa, nipeni mimi."

Maji yalikuwa yanafurika kwenye ndoo ya mtu na hakuna aliyefunga bomba. Hatimaye Mama Mkaa alinyoosha mkono akalifunga.

"La kiwanda tulikuwa tunajua," akasema.

"Mlikuwa mnajua?"

"Baba Chiriku, mwanamume gani anatoka kiwanda cha sabuni jioni hanukii sabuni? Tulinyamaza tu, tukasema akitaka atasema. La wali ndilo hatukulijua." Alimtazama kwa muda, bila huruma ya kupita kiasi. "Nina magunia ya kushusha asubuhi hii. Malipo madogo, na ninachelewa kulipa. Njoo au usije."

"Nitakuja."

"Na kinga maji. Unaziba foleni."

*

Alimkuta mkewe amekaa jikoni mbele ya sufuria iliyofunikwa. Aliweka ndoo chini.

"Nimewaambia."

"Umewaambia nini?"

"Kwamba wali niliuleta mimi. Kwamba nilijua ni wa jana."

Mama Chiriku aligeuka taratibu. "Ulijua?"

Ndipo Baba Chiriku alipokumbuka kwamba mkewe, wa kwanza kustahili kuambiwa, ndiye hakuwa ameambiwa. "Nilijua," akasema.

"Uliniambia umepikwa asubuhi ile."

"Nilikudanganya."

Alimtazama mumewe, fulana yake iliyolegea shingoni, mikono iliyoning'inia. Hasira ilimpanda, na ilipofika juu ilikuta mahali pameshakaliwa, maana alikumbuka zile punje kidoleni. Angeambiwa ukweli, angeutupa ule wali? Alitaka sana kuamini kwamba angeutupa.

"Kule zahanati," akasema, "yule muuguzi aliniuliza mimi ni mama gani. Nilikusubiri."

"Najua."

"Nilikusubiri, Baba Chiriku."

"Najua. Nisame..."

"Usiniombe sasa hivi. Nikikusamehe sasa nitakuwa nakudanganya, na tumedanganyana vya kutosha. Wahi hayo magunia. Sauti ya Mama Mkaa nimeisikia mpaka huku."

Mumewe alipoondoka, Mama Chiriku alikaa na sufuria ile. Ndani yake yalikuwa maharage ya jana, yale yaliyokuwa bado makavu, ambayo mama mkwe wake alimzuia kuyatupa, akayachemsha mwenyewe jioni kwa kupapasa. Alifunua. Akainama. Harufu ya kitambaa kibichi ilikuja, akafumba macho, akasubiri. Ikapita. Chini yake kulikuwa na harufu ya maharage, basi. Alichota moja akaliponda kwa kidole. Lilipondeka kama unga, halikuteleza. Alitafuna. Alimeza. Kisha akayarudisha motoni yakachemka, akamenya viazi viwili ambavyo Mama Mkaa alivipitisha dirishani bila maelezo, akavikatakata vidogo ili vionekane vingi.

Mchana alipakua. Bibi alisogea mezani kwa kupapasa. Baba aliingia na vumbi la mkaa hadi kwenye kope, akanawa, akakaa bila kusema. Chiriku alisimama mbali kidogo na meza, mikono nyuma.

"Kimepikwa leo?"

Jibu rahisi lilikuwepo ulimini. Mama yake alilihisi pale, limeshajipanga.

"Viazi ni vya leo," akasema. "Maharage ni ya jana. Yamechemshwa jana, yamechemshwa tena leo, nimeyanusa, nimeyaonja. Kama yangekuwa mabaya ningekwambia, tungelala njaa."

Mtoto aliwaza. Alimtazama bibi yake, ambaye alikuwa tayari anatafuna. Alimtazama baba yake, kisha mama yake, muda mrefu, kwa namna ambayo watoto hawapaswi kuwatazama wazazi wao.

"Ya jana asubuhi au ya jana jioni?"

"Ya jana jioni."

Chiriku akavuta kiti, akakaa.